Bibi Angojaye: Picha Ndogo za Bara Hindi na Pepo za Msimu

Mwalimu wa Kiswahili akiulizwa maana ya neno "hamu" aghalabu hujibu "shauku". Akiulizwa maana ya "shauku" hujibu "hamu". Na mwanafunzi huyaandika yote mawili katika daftari lake kwa utii. Hatusemi kwamba jibu hilo ni la makosa. Twasema tu kwamba halijafika mbali. Wako watu waliolichukua jambo hili moja, yaani hali ya mtu anayemtamani mwenziwe asiyekuwapo, wakalifanya elimu kamili yenye milango na vifungu, wakalitungia mashairi, kisha mashairi hayo wakayatia katika picha ndogo zisizozidi sana ukubwa wa ukurasa wa daftari. Watu hao ni washairi na wachoraji wa Bara Hindi ya kaskazini, na kazi yao kubwa ilifanyika kati ya karne ya 16 na mwanzo wa karne ya 19. Makala haya yanakusudia kuzieleza picha hizo, na kuonyesha kwa nini zinatuhusu sisi tufundishao na kujifunza Kiswahili, hata tulio mbali na bahari kama sisi wa Kinindo, kusini mwa jiji la Bujumbura, ambao maji yetu ni ya Ziwa Tanganyika.

Asili ya elimu hiyo ni ya kale sana. Katika Natyashastra, kitabu kinachonasibishwa na mwanachuoni Bharata na kinachohusu tamthilia, ngoma na muziki, wanawake wa visa vya mapenzi wamegawanywa katika aina nane kwa kuangalia hali ya kila mmoja na mpenzi wake. Kila mmoja huitwa nayika, neno la Kisanskriti ambalo ni umbo la kike la nayaka, yaani kiongozi au shujaa. Yuko aliyepamba chumba na kujipamba mwenyewe, akingoja usiku uingie. Yuko aliyengoja hadi taa ikafifia. Yuko aliyeahidiwa mahali pa kukutana, akaenda, akakuta hapana mtu, akayavua mapambo yake na kuyatupa chini. Yuko ambaye mume amerejea alfajiri na alama za nyumba nyingine. Yuko aliyemfukuza mwenyewe kwa hasira, na sasa anajuta. Yuko ambaye mume amesafiri nchi za mbali. Yuko atokaye usiku kumfuata ampendaye. Na yuko mmoja tu, katika wote wanane, asiye na la kulalamikia, kwa sababu mume yu hapo miguuni pake akimpaka rangi nyayo. Huyo hatutamshughulikia.

Karne nyingi baadaye, karibu na mwaka 1500, mshairi Bhanudatta alitunga Rasamanjari kwa Kisanskriti, akazipanua aina hizo kwa mifano mingi. Mwaka 1591 Keshavdas, mshairi wa baraza la mfalme wa Orchha, akatunga Rasikapriya kwa lugha ya Braj, mojawapo ya lugha zilizokilea Kihindi cha leo kabla hakijapata jina. Mwalimu wa Kiswahili hawezi kulipita jambo hili bila kusimama kidogo. Elimu iliyokuwa imefungiwa katika lugha ya wanavyuoni iliteremshwa katika lugha ya nyumbani, nayo ikapata nguvu mpya, kama vile washairi wetu wa Pate, Lamu na Mombasa walivyozichukua hadithi na elimu zilizowajia kwa Kiarabu wakazitungia tenzi ambazo mama jikoni alizifahamu. Tangu hapo wafalme wa Rajasthani na wale wa falme ndogo za milimani, chini ya Himalaya, wakawa wanawaagiza wachoraji wao wavitie vitabu hivyo katika picha.

Mchoraji hakufanya kazi yake juu ya kitambaa wala ukutani. Karatasi kadhaa ziligandishwa pamoja mpaka zikawa ngumu, kisha zikasuguliwa kwa jiwe la akiki hadi zikang'aa. Brashi ilikuwa ya manyoya ya mkia wa kindi, na nyembamba zaidi ilikuwa na ncha isiyozidi unywele mmoja. Buluu ilitokana na nili au na mawe yaliyosagwa, kijani kilitokana na mawe vilevile, na dhahabu ilipakwa mwisho. Katika ufalme wa Basohli wachoraji walifanya jambo ambalo hatukulisikia kwingine: walikata vipande vidogo vya mabawa ya mbawakawa wa kijani kinachometameta, wakavigandisha pale palipotakiwa zumaridi katika mkufu wa bibi. Mpaka leo ukiinamisha karatasi kidogo kwenye mwanga, mkufu huo humeremeta. Picha za Rasamanjari zilizotengenezwa huko ni nyingi, na mkusanyo mmoja mashuhuri ulikamilishwa mwaka 1695 na mchoraji Devidasa kwa ajili ya Raja Kirpal Pal.

Anayezitazama picha hizi kwa mara ya kwanza huzitazama kama apitaye mbele ya duka. Huona bibi, mti, wingu, akaenda zake. Hazikuchorwa zitazamwe hivyo. Shairi limeandikwa pamoja nazo, mara nyingi juu, katika ukanda wa manjano, au nyuma ya karatasi. Na aliyekuwa nazo mkononi alisoma, akatazama, akasoma tena. Kwa Mswahili njia hiyo si ngeni kabisa, maana leso yetu, yaani kanga, ina pindo, ina mji, na ina jina. Mwanamke anayeifunga kanga hakuchagua mapambo peke yake wala maneno peke yake, amechagua vyote viwili vifanye kazi pamoja, na mara nyingi ujumbe umeelekezwa kwa mtu mmoja tu kati ya wote watakaouona. Picha ya Basohli nayo ina pindo, jekundu tena pana. Ina mji, ambao ni bibi na nyumba yake. Ina jina, ambalo ni shairi. Hatudai kwamba kanga ilizaliwa na picha hizo. Tunasema kwamba msomaji aliyelelewa katika kanga tayari anayo macho ya kuzisomea.

Na asome nini? Kwanza kitanda. Katika picha za bibi aliyeachwa, kitanda hutandikwa vizuri mno, mto umewekwa mahali pake, wala hapana aliyelala. Kisha ndege. Njiwa wawili pembeni mwa paa wapo kwa makusudi, ili uwahesabu na umhesabu bibi. Tausi hupanda juu ya nyumba na kulia kuelekea mawinguni. Mawingu yenyewe ni meusi, yamepasuliwa na umeme wa dhahabu kama nyoka, na mbele yake hupita safu ya korongo weupe. Kuna mgomba pia, na sisi wa Burundi, ambao mgomba ni mti wa kila uani, hatuna budi kushangaa kidogo kuukuta ukisimama pale kama ishara ya mapenzi.

Mwisho, kuna mwanamke wa pili. Bibi mara nyingi hayuko peke yake kabisa. Yuko mwenziwe ambaye huitwa sakhi. Huyu hupeleka ujumbe, huleta majibu, hutuliza, hukemea, na mara nyingine husema maneno ambayo bibi mwenyewe haya humzuia asiyaseme. Kiswahili kinalo jina lake tangu zamani, nalo ni somo, yule mwanamke amfundaye mwali na kuendelea kuwa msiri wake hata baada ya ndoa. Wengine wangemwita shoga, kwa maana ya asili ya neno hilo ambayo walimu tunapaswa kuitetea, yaani rafiki wa mwanamke kwa mwanamke mwenziwe. Tunapowaeleza wanafunzi picha hizi huwa hatutumii neno lingine ila somo, na hapana anayeuliza maana yake mara mbili.

Sasa tuje kwenye mvua, maana hapo ndipo tunapoona kwamba watu wengi huzieleza picha hizi kwa upungufu. Husemwa kwamba mawingu yamewekwa kwa sababu mvua huamsha mapenzi. Huenda. Lakini mtu aliyewahi kusafiri kwa miguu anajua sababu iliyo karibu zaidi. Katika Bara Hindi ya kaskazini, miezi minne ya mvua, kuanzia Juni au Julai hadi Septemba au Oktoba, ilizifunga njia. Mito ilijaa, magari ya ng'ombe yalizama katika matope, majeshi yalikaa kambini, hata watawa waliozoea kutangatanga walilazimika kukaa mahali pamoja mpaka mvua iishe. Kwa hiyo kila msafiri alijitahidi kufika nyumbani kabla ya wingu la kwanza. Wingu hilo likionekana, na mume hajaonekana, bibi hakuhitaji kuletewa barua. Alijua kwamba hatakuja kwa muda wa miezi minne. Mshairi Kalidasa, karne nyingi kabla ya wachoraji wetu, alikwisha kuifahamu hesabu hiyo: katika utenzi wake wa Meghaduta ni mwanamume, aliyefukuzwa kwa mwaka mzima mbali na mkewe, anayeliona wingu la mwanzo wa mvua na kulituma liwe mjumbe wake. Twataja jambo hili ili isidhaniwe kwamba katika fasihi hiyo ni wanawake tu wanaotamani.

Hapa ndipo Mswahili anapoingia. Wingu lile halikuzaliwa Bara Hindi. Upepo tuuitao kusi, uvumao katika mwambao wetu tangu Aprili hadi Septemba hivi, hauishii Mombasa wala Lamu. Ukivuka mstari wa ikweta hupinda kuelekea mashariki, hupita juu ya Bahari ya Arabu ukibeba mvuke, na mwanzoni mwa Juni hufika pwani ya magharibi ya Bara Hindi ukiwa na mvua. Upepo huohuo uliojaza matanga ya vyombo vilivyoondoka Unguja kurudi Kachi na Gujarati ndio uliosukuma mawingu meusi juu ya mapaa yaliyochorwa na watu wa Basohli. Miezi mingine hugeuka. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, na vyombo huja kwetu.

Safari za bahari zilitegemea hesabu hiyo, nayo ilikuwa haina huruma. Kusi linapokuwa kali, Juni na Julai, bandari za Kachi na Gujarati hazikuingilika. Nahodha aliyeondoka Unguja mapema alifika kabla ya bahari kuchafuka. Aliyechelewa alingoja mpaka kusi lipungue. Na aliyekosa nafasi zote mbili alikaa mpaka mwaka wa pili. Katika karne ya 19 Wabhatia wengi wa Kachi walifanya biashara Unguja. Mmoja wao, Jairam Shivji, alikodi forodha ya Seyyid Said tangu miaka ya 1830, akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa bahari yote hii. Wabhatia hao kwa muda mrefu walikuwa na desturi ya kuwaacha wake zao kwao, wakirudi baada ya miaka kadhaa, kisha wakaondoka tena. Kwa hiyo yule bibi ambaye vitabu vinamwita proshitabhartrika, yaani ambaye mume yuko safarini, alikuwa na mwili na jina katika mji wa Mandvi, na mumewe alikuwa akipima karafuu na pembe za ndovu katika forodha ya Unguja. Upande wa pili wa maji, wakati kaskazi limegeuka, Mswahili wa Mombasa au Lamu naye alikuwa akimngoja nahodha wake. Hesabu ilikuwa moja, ila kwa huyu miezi ya kuondoka ilikuwa kwa yule miezi ya kurudi.

Tusitie chumvi. Wachoraji wakubwa wa picha hizi hawakuwa watu wa Kachi. Waliishi milimani, mamia ya maili kutoka baharini, kama sisi. Nao walichora safari za nchi kavu, za vita na za biashara. Lakini wingu walilolichora lilikuwa lilelile.

Majina ya baadhi yao tunayajua. Sahibdin, Mwislamu aliyefanya kazi katika baraza la wafalme wa Mewar huko Udaipur, alikamilisha mwaka 1628 mkusanyo wa ragamala, yaani picha za tuni za muziki, ambamo tuni nyingi zimepewa sura ya mwanamke mpweke: mmoja amesimama msituni na chombo chake cha nyuzi, swala wamemzunguka wakimsikiliza. Mwislamu huyo alichora pia visa vya Krishna na Radha kwa Rasikapriya, na hapana dalili kwamba yeye au mfalme wake aliona ajabu. Milimani, katika mji mdogo wa Guler, Pandit Seu alikuwa na wana wawili, Manaku na Nainsukh, na kutoka nyumba hiyo moja ukatoka mtindo ulioenea hadi Kangra, ambako Raja Sansar Chand, aliyetawala tangu 1775 hadi 1823, aliulea mpaka ukafikia kilele chake. Mwanachuoni B. N. Goswamy, aliyefariki mwaka 2023, aliufuata ukoo huo katika daftari za makuhani wa Haridwar, mahali pa hija penye Mto Ganga, ambako kila familia iliandikisha majina ya watu wake ilipofika. Ilikuwa kazi ya subira, na ya busara nyingi.

Lakini katika daftari hizo hatumpati bibi aliyechorwa. Hapa hatuna budi kutoa maoni yetu waziwazi. Wafalme katika picha hizi wana majina; pua zao, ndevu zao na matumbo yao vimechorwa jinsi vilivyokuwa. Bibi hana jina. Ana aina. Uso wake ni mmoja, umetazama upande, jicho refu, shingo nyembamba, na uso huo hutoka kwa baba kwenda kwa mwana kama kielezo cha kazi. Mchoraji alikuwa mwanamume, mshairi alikuwa mwanamume, na aliyelipa alikuwa mwanamume ambaye, kwa kutazama wanawake wanane wakimlilia mume asiyekuwapo, huenda alifurahi kujidhania kuwa ndiye. Wanaotetea picha hizi husema kwamba Radha ni roho ya mwanadamu na Krishna ni Mungu, na kwamba shauku ile ni ibada. Ni kweli kwa nyingi, hasa zile za Gita Govinda, utungo wa Jayadeva wa karne ya 12. Si kweli kwa zote, na mtu asijaribu kuutia wudhu utungo usiouhitaji.

Ndiyo maana yatupasa kuuliza wanawake wenyewe walisema nini walipopata nafasi. Huko Rajasthani, katika karne ya 16, Mirabai, binti wa ukoo wa kifalme aliyeolewa Mewar, aliimba mwenyewe shauku yake kwa Krishna, akavunja heshima za nyumba ya wakwe zake kwa ajili hiyo. Kwetu, mwaka 1858 hivi, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi. Mumewe, Bwana Mataka wa Siu, alikuwa amekwisha kufariki, na yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Ungetazamia kilio. Anachompa binti ni maagizo ya dini, ya adabu na ya nyumba, na upendo kwa marehemu umo ndani ya maagizo hayo, haukuwekwa barazani utazamwe. Mchoraji wa Kangra asingejua amchore vipi mwanamke huyo. Kisha akaja Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika kisiwa cha Unguja, ambaye mwaka 1928 alivuka bahari pamoja na wapigaji wake mpaka Bombay, na huko sauti yake ikatiwa katika santuri kwa Kiswahili. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Huzuni ya mapenzi ya Waswahili, iliyokuwa ikisafiri kwa pepo, sasa ilirudi ikiwa imechongwa katika sahani nyeusi na kupigwa tena na tena katika mabaraza ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam. Na aliyekuwa akiimba alikuwa na jina.

Tulipowaonyesha wanafunzi wetu picha hizo katika kitabu, mmoja aliuliza jambo ambalo wataalamu hawaliulizi sana: kwa nini haendi kumtafuta? Jibu ni kwamba yuko aendaye. Huyo ndiye abhisarika, na kwa maoni yetu ndiye aliye bora kuliko wote wanane. Wachoraji wa milimani walimpenda. Amevaa nguo ya buluu iliyokoza ili asionekane gizani. Mvua inanyesha, umeme unapiga, nyoka wamelala njiani, na katika baadhi ya picha mashetani wa kike wanamchungulia kutoka mitini. Bangili ya mguuni imemponyoka, naye anageuza uso kuitazama, lakini miguu haisimami. Darasa lilikaa kimya kidogo. Kisha yuleyule aliyeuliza akasema, "Huyu ameshajua pa kwenda."

Yafaa kueleza kwa nini swali hilo lina uzito hapa Bujumbura. Wako katika madarasa yetu vijana ambao babu zao walikimbilia Tanzania mwaka 1972, wakakaa miaka mingi Katumba, Mishamo au Ulyankulu, na wengine ambao wazazi wao waliondoka katika vita vilivyoanza Oktoba 1993. Kiswahili chao wengine walikipata huko, na ni kizuri kuliko cha vitabu. Katika nyumba zao yuko mtu aliyengoja, na si kila aliyengojwa alirudi. Kwao bibi aliyesimama mlangoni si pambo, wala hawahitaji kuelezwa maana ya kitanda kitupu. Wanahitaji maneno.

Na maneno yapo. "Hamu" asili yake ni neno la Kiarabu la wasiwasi na majonzi. Hamu ni jambo linalouchosha moyo kabla halijawa jambo linalouvuta. "Shauku" ni mvuto wenyewe. "Hijrani" ni kutengana, na ndilo lililo karibu zaidi na neno viraha la Wahindi, maana vyote viwili havitaji moyo, vinataja umbali. "Ukiwa" ni hali ya nyumba na ya mtu kwa pamoja, na hakuna lugha nyingine tuijuayo iliyoyaweka mawili hayo katika neno moja kwa ufupi namna hiyo. Bibi aliyemfukuza mumewe ana majuto. Aliyedanganywa ana uchungu. Wa alfajiri ana wivu na ghadhabu. Wa safarini ndiye mwenye hijrani. Tumeona kwamba mwanafunzi akipewa picha nane na maneno nane hujifunza kuyapambanua kwa saa moja kuliko kwa mwezi wa kunakili kamusi.

Kuna neno moja zaidi, nalo ni la Kirundi. Mrundi akitaka kusema kwamba amemtamani mtu aliye mbali husema "ndagukumbuye", na hali hiyo huiita urukumbuzi. Mswahili akilisikia husikia "kukumbuka" ndani yake, na hakukosea, maana mzizi unafanana. Ndiyo sababu wanafunzi wetu huandika katika barua zao "mama, ninakukumbuka sana", wakikusudia hijrani yote ile, na wako walimu ambao huweka alama nyekundu wakasema kwamba kukumbuka ni kutosahau tu. Sisi twaona sentensi hiyo iachwe. Wanavyuoni wa Kihindi walipohesabu hatua kumi za viraha, kuanzia tamaa ya kwanza na kuishia kwenye kifo ambacho washairi mara nyingi walikwepa kukieleza, waliweka kukumbuka kuwa mojawapo.

Picha zenyewe leo zimetawanyika. Ziko New Delhi, London, na Boston, ambako Ananda Coomaraswamy, mzaliwa wa Colombo aliyeandika mwaka 1916 kitabu kilichozitangaza duniani, aliajiriwa kuwa mwangalizi wa sanaa ya Bara Hindi. Hata zile za makumbusho ya Lahore zilipata hijrani yao: nchi ilipogawanywa mwaka 1947 zikagawanywa nazo, asilimia 60 zikabaki Pakistan na 40 zikapelekwa India, ambazo nyingi sasa ziko Chandigarh.

Kwa mwalimu atakayetaka kuanza, tungeshauri asianze na wale wanane. Aanze na barahmasa, yaani picha za miezi kumi na miwili, kama Keshavdas alivyoieleza katika Kavipriya ya mwaka 1601. Humo mume anataka kusafiri, na mke, kila mwezi, anampa sababu ya kutokwenda: mwezi huu joto limezidi hata wanyama wanaoogopana wamelala kivuli kimoja, mwezi huu mito imejaa, mwezi huu ni wa taa na sikukuu, mwezi huu baridi ni kali na usiku ni mrefu. Wachoraji wa Bundi na wa milimani huwaweka wawili hao barazani juu, wamekaa au wamesimama, bibi amenyoosha mkono akieleza, na chini yao dunia inaendelea na majira yake. Mwezi wa mwisho ni Phalgun. Uani watu wanapiga ngoma na kurushiana rangi za Holi mpaka ukuta umekuwa mwekundu. Bibi bado anaeleza, na mume, tangu mwanzo wa mwaka, hajaondoka.